Historia Ipitayo Mlango wa Uani

Kitabu kile kilifika Shabunda, mashariki mwa Kongo, kwa ndege, kimebanwa kati ya gunia la chumvi na katoni za sabuni. Kwetu vitu vya dukani hushuka hivyo. Barabara inayotoka Bukavu kupitia Kigulube inajulikana kwa matope yake kuliko kwa magari yake, na asiye na nauli ya ndege huenda kwa miguu siku nyingi, mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Jalada la kitabu lilikuwa limeng'oka. Kurasa za mwanzo zilikuwa na doa la mawese, alama ya kidole cha mtu aliyesoma huku anakula. Jina la mwandishi nilikuja kulijua Bukavu, nilipoona nakala nyingine iliyo nzima: Adam Shafi, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1940. Kitabu chenyewe ni Vuta N'kuvute.

Mara ya kwanza nilikisoma kama kila mtu anavyosoma hadithi ya mapenzi, mbio mbio, nikitaka kujua yule binti ataishia mikononi mwa nani. Mara ya pili nilipunguza mwendo. Mara ya tatu nikaanza kutazama mikono ya fundi, kama mtu anayekaa kwenye kibanda cha seremala, si kwa kuwa ana haja ya kiti, bali kwa kuwa anapenda kuona randa inavyokwenda. Tangu hapo nimetafuta vitabu vyake vyote. Ni sita: Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, Kuli mwaka 1979, Vuta N'kuvute mwaka 1999, Haini mwaka 2003, Mbali na Nyumbani mwaka 2013 na Mtoto wa Mama mwaka 2018. Vitabu sita kwa miaka arobaini. Kuna waandishi waliotoa vingi kuliko hivyo, wala siwadharau. Lakini kwa anayetaka kujifunza namna historia na mapenzi vinavyoweza kulala kitanda kimoja bila kunyang'anyana shuka, sijui mwalimu wa Kiswahili aliye bora kuliko huyu.

Siri yake ya kwanza naiona hapa. Riwaya nyingi za historia hufungua mlango wa mbele. Gavana anaingia, jemadari anaingia, tarehe inasomwa kwa sauti, halafu ndipo anatafutwa kijana mmoja na binti mmoja wapendane kidogo ili msomaji asisinzie. Adam Shafi huipitisha historia mlango wa uani. Inaingia na muuza maji, na mtumishi aliyetumwa sokoni, na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Ukija kushtuka, imeshakaa mkekani na chai imeshamiminwa.

Mtazame Yasmin. Ni binti wa Kihindi, bado mtoto, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mwanamume wa umri wa kumzaa. Zanzibar iko chini ya Waingereza, miaka ya 1950, vuguvugu la kudai uhuru limeshapanda, lakini mwandishi hana haraka ya kutuambia hayo. Anatuweka kwanza na upweke wa msichana aliyefungiwa na mtu asiyempenda. Tunaujua uzito wa ndoa ile kabla ya kuujua uzito wa ukoloni. Kisha Yasmin anakimbia, na ndugu zake mwenyewe wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili wa mtaa wa Ng'ambo, masikini, mcheshi, asiyetishwa na maneno ya watu.

Hapo pana kazi kubwa iliyofanywa kimya kimya. Zanzibar ya wakati ule iligawanywa na Mwingereza kwa mafungu: huyu Mhindi, huyu Mwarabu, huyu Mwafrika, kila mmoja na mtaa wake, na jina lake katika daftari la serikali. Mwandishi angeweza kutuandikia kurasa kumi kueleza mgawanyo huo. Badala yake amemvusha msichana mmoja kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, akamlaza chumbani kwa rafiki yake. Tunachojua juu ya mgawanyo ule tunakijua kwa ukali wa mlango uliofungwa na kwa wepesi wa ule uliofunguliwa.

Halafu anakuja Denge. Ni kijana aliyesoma Urusi, mpigania uhuru, msambazaji wa magazeti na vitabu vilivyopigwa marufuku. Lakini Yasmin hampendi kwa sababu ya uhuru. Anampenda kama msichana anavyompenda kijana. Mapenzi yana siri zake: sauti ya chini, hodi ya kunyata, pazia linaloteremshwa upesi. Harakati za chini kwa chini nazo zina siri zake, na ni zile zile: sauti ya chini, hodi ya kunyata, pazia. Adam Shafi ameziweka siri hizo mbili katika chumba kimoja, kiasi kwamba msomaji akisikia hatua za mtu nje hajui aogope nini, fedheha au jela. Mimi moyo wangu ulikuwa ukidunda kwa ajili ya wapenzi wawili, na nilipotulia nikagundua kwamba nilikuwa namwogopa Inspekta Wright na yule Koplo Matata wake, yaani nilikuwa naiogopa serikali ya kikoloni kwa mwili wangu mwenyewe. Somo hilo hakuna mwalimu wa historia aliyewahi kunipa, na nilikuwa na walimu wazuri.

Wala hakuyazawadia mapenzi yale harusi. Sitasimulia mwisho kwa anayengojea kusoma. Nitasema tu kwamba mvutano uliotajwa kwenye jina la kitabu hauishi kwa upande mmoja kuanguka na mwingine kushangilia. Kamba inabaki imekaza.

Jambo la pili ni majina. Kwetu Warega jina halipewi mtu ovyo. Ukilisikia unajua mtoto alizaliwa katika hali gani, au alimrithi nani. Kwa hiyo nilimwelewa Adam Shafi upesi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad mtumishi wa kike anaitwa Kijakazi. Mama huyu hakupewa hata jina la kumtofautisha na kazi yake. Amelelewa katika utumishi hadi utumishi umemwingia kwenye damu, naye humwona bwana wake kama mtu anavyoiona mvua, kitu kisichoulizwa sababu. Mapinduzi ya Januari 1964 yanapofika, kizuizi kigumu kuliko vyote si bunduki ya mtu. Ni moyo wa Kijakazi, unaoendelea kumhurumia bwana aliyemtesa. Mwandishi mwingine angemfanya anyanyue panga siku ya kwanza. Huyu amemwacha achelewe, kwa sababu watu kweli huchelewa. Wakongomani wasomao Kifaransa wanaweza kukipata kitabu hicho kwa jina la Les Girofliers de Zanzibar, yaani mikarafuu ya Zanzibar. Jina hilo limehamisha macho kutoka kwenye kasri hadi kwenye mashamba, nami kwa upande wangu napenda zaidi lile la kasri, maana mateso ya Kijakazi yanaanzia katika kasri ile.

Nikimsifu fundi ni lazima niseme pia pale randa ilipokwaruza. Katika vitabu viwili vya mwanzo mara nyingine mhusika husimama akahutubia. Ilikuwa miaka ya 1970, Tanzania ilikuwa katika Ujamaa, na riwaya nyingi za wakati ule zilibeba mkutano wa hadhara ndani yake. Katika Kuli hata mazungumzo ya wafanyakazi wawili hugeuka darasa la chama cha wafanyakazi. Hayaniudhi, ila nikiyafikia naona mwandishi ametoka nyuma ya pazia. Miaka ishirini baadaye, katika Vuta N'kuvute, pazia halitikisiki. Denge ana siasa nyingi kuliko wote waliomtangulia, lakini siasa zake zinajulikana kwa anachokificha chini ya godoro kuliko kwa anachokitamka. Kati ya 1979 na 1999 fundi huyu alijifunza kunyamaza. Ukitaka kuona mwandishi anavyokua, soma Kuli na Vuta N'kuvute kwa mwezi mmoja, kwa mpangilio huo.

Hata hivyo Kuli ndicho kitabu ninachokipenda kwa namna ya pekee, na sababu yake iko mgongoni mwa watu wa Shabunda. Rashidi ni mtoto wa kuli wa bandarini Unguja, na yeye mwenyewe anakuwa kuli. Kitabu kinakwenda hadi mgomo wa 1948, mgomo wa kweli uliotokea kati ya Agosti na Septemba mwaka ule, ulioanza kwa wafanyakazi wa bandari ukaenea mjini kote. Lakini kabla ya mgomo kuna gunia. Adam Shafi anaijua kazi ya kubeba: namna mtu anavyoinama kupokea mzigo, namna shingo inavyojifunza, namna jasho linavyoingia machoni wakati mikono haina nafasi ya kulifuta. Nilimsomea ukurasa mmoja jamaa yangu mmoja aliyebeba mizigo ya watu njia ya Kigulube miaka mingi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza kama yule aliyeandika aliwahi kubeba. Sikuwa na jibu. Lakini swali lenyewe ndilo tuzo ambalo mwandishi wa riwaya anaweza kuliomba kwa Mungu.

Mwaka 1948 una neno lingine kwetu. Katika mwaka huo huo ambao makuli wa Unguja waliweka magunia chini, serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku bwami, chama kile cha Warega kilichokuwa shule yetu, baraza letu na heshima yetu. Msomaji wa mbali huenda ameona vinyago vya bwami kwenye vioo vya majumba ya makumbusho ya Ulaya: visanamu vidogo vya pembe za ndovu, vinyago vidogo vya mti, miiko ya mfupa. Kwenye kioo vimenyamaza. Kwa wenyewe kila kimoja kilikuwa na methali zake. Wakati wa kumpandisha mtu daraja, hadi kufikia kindi, daraja la juu kabisa, vitu vilitolewa mfukoni kimoja kimoja, vikachezwa, vikaimbiwa, na mwanafunzi akafundishwa maana. Kitu kimoja kiliweza kubeba methali kadhaa. Mwenye haraka hakufika popote katika bwami. Mtu aliweza kutumia umri wake wote kupanda ngazi zile.

Nimekaa na wazo hili kwa muda mrefu na sasa naliandika bila woga: Adam Shafi anaandika kama mzee wa bwami anavyofungua mfuko. Hatoi historia yote kwa mkupuo. Anatoa kitu kidogo, gunia, mlango, gazeti lililokunjwa, anakiacha kwenye mwanga mpaka kiseme, kisha anatoa kingine. Mzanzibari huyo hajawahi kuishi kwetu, na sisemi kwamba alijifunza kwetu. Nasema ufundi wa subira unatambuana, kama wahunzi wawili wasiojuana lugha wanavyotambuana kwa mlio wa nyundo.

Na subira yake kubwa kuliko zote haimo ndani ya kitabu chochote. Imo katika mpangilio wa vitabu vyenyewe. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar. Watu wengi walikamatwa, na Adam Shafi alikuwa mmoja wao. Alijua jela za nyumbani kwake kwa ngozi yake. Alipoanza kuchapisha, miaka sita baadaye, mtu angetegemea aanze na kilio hicho. Hakuanza nacho. Aliandika juu ya kasri, akaandika juu ya bandari, akaandika juu ya Yasmin na Denge. Haini, riwaya ya watu waliokamatwa na kushitakiwa baada ya mauaji yale, ilitoka mwaka 2003, zaidi ya miaka thelathini tangu yatokee.

Nimejiuliza sana juu ya miaka hiyo thelathini. Zipo sababu za wazi, kwamba kuna mambo yasiyosemeka mpaka wakati wake ufike. Lakini ukisoma Haini unaona sababu nyingine, ya kifundi. Kitabu kile hakina pupa ya kulipiza. Askari wa jela ana njaa yake na uchovu wake. Mfungwa anafikiria mke wake kabla ya kufikiria katiba. Mtu aliyeandika jeraha likiwa bichi asingeweza kumpa mlinzi wa jela uso wa kibinadamu. Ilibidi kwanza ajifunze kumwandika Kijakazi anayempenda mtesi wake, na Rashidi anayebeba gunia, na Yasmin aliyebanwa pande zote, ndipo mkono uwe mtulivu wa kutosha kushika moto wake mwenyewe. Kilicho karibu zaidi na moyo alikiweka karibu mwisho. Mimi nikishika kalamu hukimbilia kilichoniuma jana. Yeye alingoja.

Mwaka 2021 Vuta N'kuvute iliingia kwenye sinema, ikiongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuiwakilisha kwenye mashindano ya Oscar. Nafurahi kwamba imefika huko. Ila filamu huona uso wa Yasmin mara moja, wakati kitabu hukupa uso huo polepole, kipande kwa kipande, mpaka unakuwa wako. Anayeweza, asome kwanza.

Sasa nirudi nyumbani, maana Zanzibar si mbali na Shabunda kama ramani inavyodai. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa misafara iliyotoka pwani hadi Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, jirani zetu wa ukuta mmoja. Tippu Tip aliyetawala njia zile alizaliwa Zanzibar na akafa Zanzibar mwaka 1905, na nyumba yake ipo Mji Mkongwe hadi leo. Wazee wetu hawaizungumzii misafara hiyo kwa furaha. Ilikuja na bunduki na minyororo. Lakini watu waliochukuliwa huku walizaa kule, na walioletwa kutoka kule walizaa huku. Ninaposoma juu ya watumishi wa kasri huwa naona uwezekano kwamba ninasoma habari za shangazi zangu.

Na mwaka 1964, uliobomoa kasri ya Mwinyi Fuad mwezi wa kwanza, ulitufikia nasi. Mwezi wa saba waasi wa Simba waliteka Kindu, mwezi wa nane wakateka Stanleyville, na msitu wote kati ya mto Lualaba na Kivu ukashika pumzi. Nimesoma vitabu vya Kifaransa juu ya vita hiyo, vimejaa makanali na mamluki. Sijasoma hata kimoja kinachoanza jikoni. Nani alipendana na nani mwaka ule? Binti gani alikuwa ameshatolewa mahari, vita ikaja kabla ya harusi? Walificha nini chini ya kitanda? Watoto wetu hufundishwa kwa Kifaransa kuanzia wanapokua kidogo, na Kiswahili kinabaki lugha ya soko, ya kanisa, ya kuitana. Wengi wanafika chuo kikuu Bukavu bila kushika riwaya hata moja ya Kiswahili, halafu wanadhani lugha hii haiwezi kubeba kitabu. Inaweza. Ndani yake Adam Shafi amebeba bandari nzima, na mapinduzi, na jela.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kijana wa Shabunda, wa Lulingu, wa Kigulube, wewe unayeandika mashairi nyuma ya kaye, daftari la hesabu, ukayaficha. Usianze na Simba. Usianze na dhahabu ya Ulindi, wala na jina la rais yeyote. Nunua kaye mpya na biki, uende kwa mama mmoja mzee wa mtaani kwako, umsalimie kama inavyopasa, umsaidie kumenya mihogo, na mkiwa mmezoeana umuulize alikuwa akipika nini siku vita ilipofika, na ni nani aliyempigia hodi usiku ule. Aliyekuwa msichana wa miaka kumi na mitano mwaka 1964 sasa amepita miaka sabini na mitano. Nenda wiki hii.